Mlango Uko Wapi? Tuliyojifunza Tukipeleka Habari za UKIMWI Vyuoni Mombasa

Kila mwaka ifikapo Novemba, vilabu vya afya vyuoni huanza kuhangaika: hema litatoka wapi, fulana zichapishwe kwa nani, mgeni wa heshima awe nani. Siku ya UKIMWI Duniani, inayoadhimishwa kila Desemba mosi tangu 1988, iko mlangoni na lazima ifanyiwe jambo. Kikwazo ni kalenda. Katika vyuo vingi mwanzo wa Desemba ni wiki ya mitihani au ya kufunga. Anayeingia hemani kupimwa asubuhi ana karatasi ya mtihani saa nane mchana, na anayepata jibu la kumshtua hupanda basi kesho yake kwenda kwao, Kisii au Garissa au Taveta, pasiwe na mtu wa kumfuatilia. Kwa hivyo Desemba mosi tumeiachia maandamano na mishumaa. Kazi yenyewe huanza Septemba, wiki ya tatu baada ya wanafunzi wapya kuripoti. Wiki ya kwanza wanatafuta vyumba na risiti za karo, hawasikii neno. Mukingoja mwezi wa pili, wakubwa wa chuo na wababa wenye magari wamekwisha kuwafikia kabla yenu.

Makosa ya kampeni nyingi huanzia kwenye dhana kwamba mwanafunzi hajui. Anajua. Kenya ilitambua mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI mwaka 1984, na Novemba 1999 serikali ikautangaza kuwa janga la kitaifa. Wengi walio vyuoni leo walizaliwa baada ya hapo na wamefundishwa somo hilo tangu shule ya msingi. Hawakuzika majirani kila Jumamosi kama wazazi wao, kwa hivyo kwao ni sura ya kitabu iliyojibiwa kwenye mtihani ikaisha. Wasichokijua ni mlango. Aende wapi, saa ngapi, akute nani, ataombwa kitambulisho, atalipa? Ukitaka kujua kama kampeni yenu imefaa, chukua mwanafunzi yeyote pale langoni umwulize hivi: kondomu ikipasuka saa sita usiku wa Jumamosi, unakwenda wapi? Jibu lake ndiyo ripoti yenu.

Swali hilo lina saa ndani yake. Dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio, zile ziitwazo PEP, hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nafasi. Wa Jumamosi saa sita usiku mwisho wake ni Jumanne saa sita usiku. Humezwa kila siku kwa siku 28, na kabla ya kuanza hupimwa damu, kwa sababu aliye na virusi tayari huhitaji matibabu mengine. Mambo matatu huharibu hapa, na yote tumeyaona yakijirudia. La kwanza ni P2. Msichana anakwenda duka la dawa, anapewa vidonge vya P2, anarudi chumbani akiamini amemaliza. P2 huzuia mimba tu, virusi haivigusi. La pili ni wikendi: kliniki nyingi za mchana hufungwa Ijumaa jioni, naye anangoja Jumatatu ili amwulize rafiki, na rafiki hajui, Jumanne imekwisha. Wikendi na usiku mlango ni kasualti ya hospitali kubwa, kama ile ya rufaa ya Pwani, isiyofungwa. La tatu ni kuacha siku ya 10 kwa sababu ya kichefuchefu au kwa sababu mtu anajiona mzima. Kichefuchefu kina dawa yake, na mara nyingi hupungua kidonge kikimezwa baada ya chakula cha usiku. Arudi hospitalini aseme.

Aliyebakwa ana haki ya dawa hizo hizo, na kwake kuna maelezo ya ziada ambayo kila mwelimishaji rika lazima ayajue kwa moyo. Asioge, asifue. Nguo zitiwe kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, maana nailoni hutia unyevu na kuharibu ushahidi. Hospitali kwanza, polisi wanaweza kufuata. Dawa ya kuzuia mimba ya dharura nayo ina muda wake, saa 120. Simu ya bure ya taifa kuhusu ukatili wa kijinsia ni 1195. Haya huandikwa nyuma ya kadi ya ukubwa wa kiganja, na upande wa mbele njia ya kufika.

Kadi hiyo haiandikwi mezani. Kabla ya mwelimishaji kusimama mbele ya watu, aitembee njia: kutoka lango la hosteli, matatu gani, nauli ya mchana na ya usiku, hospitalini aingie lango lipi likishafungwa kubwa, mlinzi huuliza nini, dirisha la kwanza ni la faili au la malipo. Mwanafunzi mwenye hofu hukata tamaa kwa mlinzi, hata kabla hajamwona daktari. Mkimwambia mapema kwamba akifika aseme tu “nimekuja kasualti”, mmemwondolea kikwazo kikubwa kuliko hotuba yoyote. Aliye ng'ambo ya feri apewe kadi ya hospitali ya Likoni, wa Changamwe na Miritini apewe ya Port Reitz. Usimvushe mtu bahari usiku kutafuta kilicho karibu naye. Pigeni simu kila mwanzo wa muhula kuhakikisha huduma ipo bado. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada ya nje, huduma nyingi za vijana zilizotegemea fedha hizo zilitikisika, na kadi iliyochapishwa mwaka uliotangulia inaweza kumpeleka mtu kwenye mlango wenye kufuli. Hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na kadi.

Siku ya kupima nayo ina hesabu yake. Mshauri mwenye cheti, akifanya kazi yake sawasawa, huhitaji dakika 20 hadi 30 kwa mtu mmoja: maelezo, ridhaa, kutoboa kidole, kusubiri kipimo, kuzungumzia jibu. Kwa saa 6 za kazi huyo ni watu 12. Washauri 5 ni watu 60. Mkitangaza kwa spika chuo kizima kije, wakaja 300, 240 watarudi vyumbani wakisema walipotezewa muda, na mwakani hawaji. Afadhali siku tatu za watu 60 kwa namba za zamu kuliko siku moja ya vurugu. Chagueni Jumanne hadi Alhamisi. Ijumaa iacheni: mchana kuna swala, na jibu la Ijumaa hulala wikendi nzima bila kliniki.

Kisha joto. Vipimo vingi vya haraka huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 30. Mombasa kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, mchana hupita 30, na ndani ya hema la turubai ni zaidi. Kipimo kilichopikwa na joto kinaweza kutoa jibu lisiloaminika. Leteni kisanduku baridi chenye vipande vya barafu, kitambaa kinene katikati ili vipimo visigande, na kipimajoto kidogo ndani, mtu mmoja akikisoma kila saa. Hema liwe chini ya mwarobaini au mwembe, au afadhali mpewe vyumba viwili vya madarasa vyenye feni. Feni isielekezwe mezani: upepo hupeperusha karatasi na hukausha tone la damu kabla halijafika mahali pake.

Wanafunzi wenyewe hawatoboi mtu. Hiyo ni kazi ya walio na cheti. Lakini anayesaidia ajue makosa yanayotokea, aweze kuuliza. Tone la kwanza hupanguswa. Kidole hakikamuliwi kwa nguvu, kwa sababu majimaji ya mwili huchanganyika na damu. Kila kipimo kina muda wake wa kusomwa ulioandikwa kwenye karatasi yake, na kila trei iwe na saa yake. Kilichosahaulika kikasomwa baada ya muda kupita huweza kuonyesha mstari usio wa kweli. Mstari hafifu ndani ya muda ni mstari. Na kipimo kimoja chenye mistari miwili bado hakijamwambia mtu kwamba ana virusi: tangu 2019 Shirika la Afya Duniani hushauri vipimo vitatu tofauti vikubaliane kwanza. Sindano huingia moja kwa moja kwenye kisanduku kigumu, kikijaa robo tatu hufungwa, na hurudi hospitalini. Hata moja isibaki kwenye pipa la chuo, ambako mfagiaji ataingiza mkono.

Jambo lililotuchukua muda mrefu kulitambua ni macho ya foleni. Watu wanaosubiri huhesabu dakika. Aliyetoka upesi ni mzima, aliyekawia “anayo”. Ndivyo wanavyosema, na jioni jina limefika hosteli. Dawa yake si kuwaomba watu wasihesabu. Chumbani humo humo pawe na huduma nyingine: shinikizo la damu, kundi la damu, uzazi wa mpango, uchunguzi wa magonjwa ya zinaa. Mmoja atakaa dakika 10, mwingine 50, na hakuna anayejua kwa nini. Mlango wa kutokea uwe mwingine, usiokabili foleni. Fulana na soda apewe kila aliyefika, aliyepima na asiyepima. Mkizitoa kwa waliopima tu, mmekwisha kuwalazimisha, na Sheria ya mwaka 2006 ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na UKIMWI inataka ridhaa ya hiari. Sheria hiyo hairuhusu chuo kufanya upimaji sharti la kusajiliwa, wala mtu kutoa jibu la mwenzake bila idhini. Kwa hivyo kamera zisikaribie. Picha moja ya “mwitikio mkubwa” iliyotumwa kwenye kundi la simu, mwenye kilemba cha buluu akionekana analia nyuma, haifutiki.

Vipimo vya kujipima mwenyewe kwa kupangusa fizi huwafaa wanaoogopa hema. Asile wala kunywa dakika 15 kabla, apanguse fizi ya juu mara moja na ya chini mara moja, asome kati ya dakika 20 na 40, kwenye mwanga wa kutosha. Hapa huzuka swali lile lile kila mara: kama kipimo kinasoma mate, basi mate yanaambukiza? Hayaambukizi. Kipimo hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza kupigana na virusi. Virusi vyenyewe hakivitafuti. Mwelimishaji asiyejua kujibu hili atagawa vipimo 50 na pamoja navyo hofu mpya ya kunywa chai kikombe kimoja. Waambieni pia kwamba anayemeza ARV, dawa za kupunguza makali ya virusi, asijipime hivyo, kwani jibu laweza kudanganya, na kwamba aliyekutana na hatari wiki iliyopita hapati jibu la mwisho leo. Arudie baada ya miezi mitatu.

Jibu likiwa na virusi, kampeni ndiyo kwanza inaanza. Kumpa mtu karatasi ya rufaa na kumtakia heri ni kumtupa. Awepo aliyefunzwa wa kumsindikiza siku hiyo hiyo, akitaka mwenyewe. Dawa katika hospitali za serikali hazilipiwi, na aliye tayari huweza kuanza siku hiyo. Wengi hawataki kliniki iliyo karibu na chuo. Anayesoma Tudor atasema aende Mtwapa au ng'ambo ya Likoni. Mkubalieni, lakini mpige naye hesabu ya nauli ya mwaka mzima, maana nauli ndiyo huwakatisha kimya kimya. Kabla ya likizo aombe dawa za miezi mitatu au zaidi, asije akaishiwa akiwa kijijini. Vidonge vikae kwenye chupa yake, na kile kipakiti cha kukausha unyevu kisitolewe: hewa ya pwani huharibu dawa zilizofungwa kwenye karatasi kwa kumficha mwenzake wa chumbani. Anayemeza kila siku hadi virusi visionekane tena kwenye kipimo cha damu hamwambukizi mwenziwe kwa ngono. Sentensi hiyo iwe ya kwanza kwenye kila bango. Tumeona nyuso zikifunguka kwa maneno hayo kuliko kwa picha yoyote ya fuvu.

Kondomu ni jambo fupi lakini huharibika kwa vitu vidogo. Wekeni sanduku ndani ya choo cha hosteli, pasipo macho. Mezani kwa mlezi wa hosteli hakuna atakayeshika. Anzeni na vipande 100 Ijumaa, mhesabu vilivyobaki Jumatatu, ndivyo mtajua mahitaji. Zisikae dirishani wala chini ya mabati. Na semeni wazi habari ya mafuta ya nazi: yapo kila nyumba ya pwani, na mafuta yoyote, hata ya kujipaka mwilini, hulegeza mpira ule ukapasuka. Kilainishi cha maji ndicho kinachofaa. PrEP, kidonge cha kila siku kwa asiye na virusi, kinga yake haiji kwa kidonge cha kwanza, na haizuii mimba, kisonono wala kaswende. Ipo pia sindano ya lenacapavir, inayodungwa mara mbili kwa mwaka, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025. Ikiwa inapatikana mlipo, iingizeni kwenye kadi. Isipopatikana, msiwatamanishe watu.

Mombasa huwezi kufanya kazi hii ukiwapita mashekhe na wachungaji. Ukianza nao kwa kondomu, mlango umefungwa. Anza na kumtembelea mgonjwa, kutosengenya, kuhifadhi siri. Hapo nyote ni wamoja. Jumuiya ya wanafunzi Waislamu na ile ya Wakristo zipewe nafasi ya kuzungumzia unyanyapaa kwa lugha yao, na maonyesho ya kondomu yafanyike pengine, kwa wanaokuja wenyewe. Wengine hupendekeza kila mchumba alazimishwe kupima kabla ya nikahi; ushauri wa kupima pamoja ni mzuri, lakini kuufanya upimaji sharti la ndoa sheria ile ile ya 2006 imekataza. Kwa mwenye kunywa kombe, yaani maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, au kuombewa, usibishane naye. Mwambie kombe na maombi havizuii kidonge, na asiache kidonge. Mitishamba mingine na vidonge vya chuma au kalisi hugongana na dawa. Hivyo aviseme kliniki. Mwezi wa Ramadhani dawa ya mara moja kwa siku huhamishiwa futari au daku. Azungumze na kliniki Shabani, kabla ya mfungo, kwa sababu wako wanaoacha dawa mwezi mzima wakidhani hawana njia.

Lugha nayo iangaliwe. Vijana husema “amekanyaga waya”, “ana kadudu”. Mwelimishaji akicheka pamoja nao, yule mmoja ukumbini ambaye ni kweli kwake hatakuja tena. Mseme “anaishi na virusi”, basi. Na maneno ya “mubaba” na sponsa, mwanamume mkubwa anayemgharimia msichana, yasigeuke mahubiri dhidi ya wasichana. Mwaka 2023, kusini mwa Sahara, wanawake na wasichana walikuwa asilimia 62 ya walioambukizwa upya, na karo isiyolipwa, kodi ya chumba na njaa ya mwisho wa muhula vimo ndani ya hesabu hiyo. Klabu inayojua ofisi ya basari iko wapi na fomu hufungwa lini inafanya kazi ya UKIMWI.

Ushuhuda wa anayeishi na virusi una nguvu. Mwanamuziki Philly Lutaaya alipojitangaza Uganda mwaka 1989 aliwafikia wanafunzi ambao mabango hayakuwafikia. Lakini msimsukume mwenzenu. Mwanafunzi wa miaka 20 aliyezungumza jukwaani ataishi na video ile atakapoomba kazi Bandarini au kuposa. Mwalikeni mtu mzima aliyezoea, mlipe nauli na muda wake, na simu zifungwe.

Mwisho wa muhula hesabuni yanayofaa: wangapi walifika kliniki kati ya waliosindikizwa, masanduku yalijazwa mara ngapi, maswali gani yalirudi. Idadi ya fulana haisemi lolote. Na kwa kuwa wa mwaka wa nne huondoka na maarifa yao, wekeni daftari moja kwa mlezi wa klabu: tarehe za mwisho za vipimo na kondomu, njia mlizozitembea, nani huwa zamu hospitalini siku gani, barua ya ruhusa iliandikwaje. Jina la mgonjwa lisiandikwe humo hata moja. Daftari hilo likabidhiwe Agosti, kadi mpya zichapishwe baada ya kupiga simu, na wa mwaka wa pili waanze kuitembea njia kabla ya wageni wa Septemba kuripoti.